Kanda la Usufi

Desemba, Vadsø. Saa moja ya asubuhi,
na jua la huku limekwenda likizo tangu Novemba.
Wanazimwagia mbawa dawa ya kijani, barafu inachuruzika,
na Eivor Mikkola, miaka ishirini na minne,
saa zake katika ndege hii hazijatimia arobaini,
amekaa kiti cha kulia, kalamu i kinywani,
anasoma hali ya hewa ya Båtsfjord kama asomaye barua ya deni.

Leo vituo sita. Dakika kumi na nane, dakika kumi na mbili;
hujamaliza kupanda, umeshaanza kushuka.
Wenzetu wa jeti za Oslo hunywea kahawa angani.
Yetu hunywewa ardhini, nayo imeshapoa.

Mimi ni mkufunzi. Kazi yangu ni kupima mzigo,
si ule wa mashine, huo una karatasi yake,
una kilo, una sahihi ya mpakiaji,
bali ule usio na mizani:
sauti ya mnara sikioni,
upepo wa ubavuni, mafundo ishirini na matano,
taa ya mlango, orodha ya kutua, abiria anayetapika safu ya tatu,
na mshale wa mwendo, unaosogea pale tu usipotazamwa.
Vyote hivyo juu ya kichwa kimoja chenye nywele zilizosukwa haraka.

Mzigo wa mwenzio, walisema, ni kanda la usufi.
Wiki ya kwanza nilikuwa mtu wa usufi.
“Mwendo, Eivor.” “Redio, Eivor.” “Magurudumu je?” “Mbona hujajibu?”
Kwangu kila neno lilikuwa unyoya.
Kwake kila unyoya ulitua juu ya rundo.
Tulipokaribia Berlevåg shingo yake ikawa nyekundu,
akaujibu mnara kwa namba ya safari ya jana,
kisha akanyamaza ule unyamavu ninaoujua:
macho yapo, mwenyewe hayupo.

“Ninayo,” nikasema.
“Unayo,” akajibu, akauachia usukani
kama mtu anayerudisha kitu cha wizi.

Usiku ule, hotelini, nyuma ya bahasha ya umeme,
niliandika kila nilichomwambia dakika zile sita za mwisho.
Mara ishirini na moja.
Tatu ndizo zilizokuwa na haja.

Basi tukaanza upya. Nikamtua kimoja kimoja:
redio yangu, orodha yangu, abiria wangu.
“Wewe rusha. Rusha tu. Ukishiba hilo, utaniomba kingine.”
Siku ya pili akaomba redio.
Ya nne akaomba orodha, akaishika kidogo, akairudisha,
akasema bila haya, “Bado. Imenizidi.”
Nikampa alama ya juu kuliko zote;
fomu haina safu yake, niliiandika pembeni.

Sasa Båtsfjord. Theluji inakuja kwa mshazari,
taa za njia zinajitokeza mbili, zinapotea tatu.
Mwendo umepungua mafundo manne. Nimeuona.
Ulimi umepanda hadi kwenye meno.
Nimeukalia, kama mtu aukaliaye mkono wake
usiende kwenye chungu cha moto cha mwanawe.
Matano.
Mkono wake wa kushoto ukasogeza nguvu
kabla sijamaliza kuhesabu.
Matatu. Moja. Basi.

Tuligonga lami mara mbili, wala si kwa uzuri.
Tukiegesha, injini zingali zikivuma, akaniambia,
“Ulinyamaza.”
“Nilikuwa nimebeba kitu.”
“Kizito?”
Nje mpakiaji alikuwa akishusha maboksi ya dawa ya zahanati,
pumzi yake nyeupe, hana haraka na mtu.
“Usufi,” nikasema. “Kanda zima.”

Hakuuliza zaidi. Aliandika saa ya kutua,
akatazama kahawa, akaiacha.
Dakika kumi na mbili. Berlevåg tena.